Barua kwa Mwalimu wa Kichina: "Sikio Langu Halishiki"

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko ukurasa, nimechukua tano. Kwa anayetusoma kwa mara ya kwanza: mimi ni mzaliwa wa Chake Chake, nilisoma Kichina kwa miaka mitano katika mji wa Jinhua, jimbo la Zhejiang, na sasa nafundisha lugha hiyo katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja. Majina ya waandishi wa barua hatuyachapishi.

*Asalaam aleikum mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasomea utalii na Kichina ni somo langu la kuchagua. Maneno nayakariri, herufi naandika, lakini nikifungua mdomo tu narudishwa. Mǎi na mài kwangu ni neno moja. Mwenzangu kaniambia Kichina kinataka mtu mwenye sikio la muziki, na mimi sina. Niache?*
*— Mwanafunzi, Bububu*

Waaleikum salaam, mwanangu. Usiache. Na huyo mwenzako mwambie sikio unalo tangu ulipokuwa na miaka mitano, ulipokaa jamvini chuoni mbele ya maalim. Alikurudisha mara ngapi kwenye ile ha ya kooni ukaisoma kama ha ya kifuani? Siku ya kwanza hukusikia tofauti yoyote. Baada ya wiki ukawa wewe ndiye unayemrekebisha mdogo wako. Sikio lilifunzwa likakubali, na kazi ya toni, yaani namna sauti inavyopanda na kushuka, ni hiyo hiyo.

Toni zenyewe unazisema kila siku bila kujua. Mtu akikuita nawe hukumsikia vizuri unajibu "Ee?", sauti inapanda. Hiyo ni toni ya pili. Mtoto akikuuliza mara ya tatu kama kesho mtakwenda Forodhani, unamkatia "Ee!", sauti inaanguka kwa kishindo. Hiyo ya nne. Ukiambiwa jambo ukalitilia shaka, unavuta "Eee..." chini kabisa, karibu na koo, ndiyo ya tatu. Ya kwanza ni ya mama anayemwita mwanawe aliye mbali pwani, "Weeee", iko juu na imenyooka, haipandi wala haishuki. Tofauti ni kwamba sisi toni hizi twazitumia kuonyesha hali ya moyo, Wachina wanazitumia kutenga neno na neno. Mā ni mama, má ni katani, mǎ ni farasi, mà ni kutukana.

Vitabu vingi huchora toni ya tatu kama bonde, inashuka kisha inapanda, na wanafunzi wangu wote hufika wakiyumba nayo kama ngalawa. Katika mazungumzo ya kawaida haipandi hivyo. Ikifuatiwa na neno la toni nyingine hukaa chini tu. Isome kama toni ya chini na nusu ya tabu yako itaondoka.

Sasa hayo mǎi na mài, kununua na kuuza. Mwaka wangu wa kwanza Jinhua kulikuwa na bibi akiuza machungwa nje ya lango la chuo. Nilimwambia nataka mài machungwa. Alitazama mikono yangu mitupu. Kisha akanishika kiganja, akakishusha taratibu mpaka kiunoni huku akisema mǎi, akakinyanyua tena na kukipiga chini kwa nguvu akisema mài. Akafanya hivyo mara tatu, watu wamesimama nyuma yangu wanangoja. Tangu siku ile kila nikipita alikuwa ananyoosha mkono wake kwanza, nami naweka kiganja changu juu yake na kusema neno, ndipo napimiwa machungwa. Sikulisahau tena. Kwa hiyo jifunze toni kwa mkono. Usione haya darasani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nina hakika hukuambiwa, kwa sababu vitabu vimeandikwa kwa ajili ya wanaojua Kiingereza. B ya Kichina si b yetu. Kinachotenga b na p, d na t, g na k katika Kichina ni pumzi peke yake. Nenda kwa bibi yako, mwambie aseme paa la nyumba, halafu aseme paa wa porini. Weka kipande cha karatasi mbele ya mdomo wake. Kwenye paa la nyumba karatasi itatulia, kwenye paa mnyama itaruka. Mwambie aseme kaa la moto na kaa wa pwani, chungu cha kupikia na chungu wanaoingia kwenye sukari. Wazee wetu wanazitenga sauti hizi wazi wazi, maandishi yetu ndiyo hayaonyeshi. Basi b ya Kichina ni paa la nyumba, p ni paa wa porini. G ni kaa la moto, k ni kaa wa pwani. Kaa na bibi yako jioni moja, utapata kitu ambacho mimi nilikipata mwaka wa tatu, na nilikipata kwa kusikia sauti ya bibi yangu kwenye simu kutoka Pemba.

*Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkubwa yuko chuo kikuu huko mjini anasoma Kichina. Likizo alipokuja aliniandikia neno "nyumbani" kwa Kichina, akaniambia ndani yake kuna nguruwe. Moyo wangu haukutulia. Na ameomba nafasi ya kwenda kusoma huko. Atakula nini, ataswali wapi?*
*— Mama wa mwanafunzi, Wete*

Dada yangu, nimeisoma barua yako nikamkumbuka mama yangu. Naye aliuliza hayo hayo usiku wa kuamkia safari yangu, huku anafunga visheti kwenye gazeti.

Mwanao amekwambia kweli. Herufi hiyo husomwa jiā. Juu kuna alama ya paa, chini yake alama ya nguruwe, na asili yake ni ya zamani mno, kufuga kulipokuwa ndiyo dalili ya watu waliotulia mahali pamoja. Lakini hiyo ni historia ya herufi. Anayeiandika anaandika "nyumbani", kama wewe unavyosema Jumatano bila kuhesabu kwamba ni siku ya tano. Na Waislamu wa China wenyewe huiandika kila siku.

Maana wako, na si wachache. Wahui peke yao ni zaidi ya milioni kumi, mbali na Wauighuri na kaumu nyengine. Mji wa Guangzhou una msikiti mkongwe wa Huaisheng wenye mnara mweupe, Xi'an una msikiti mkuu wenye mapaa ya Kichina na maandishi ya Kiarabu ndani yake, Beijing una wa Niujie. Mwanao ajifunze maneno mawili kabla ya yote, qīng zhēn. Ndiyo yanayoandikwa juu ya mlango wa mkahawa wa halali, na msikiti wenyewe huitwa qīngzhēnsì. Miji mingi ina vibanda vya tambi za kuvutwa kwa mkono vya watu wa Lanzhou na Qinghai, wengi wao ni Wahui, kofia nyeupe kichwani na mchuzi wa ng'ombe unachemka tangu alfajiri. Mimi nilikula hapo mpaka mwenye duka akanijua kwa sauti. Hata hivyo awe mwangalifu: mafuta ya nguruwe huingia hata kwenye mboga na mikate, na mpishi akikwambia "hakuna nyama" huenda hajayahesabu mafuta. Aulize mafuta kwa jina lake, zhūyóu. Na kibla, huku tunaelekea kaskazini, kule ataelekea magharibi.

Nikuongezee jambo ambalo mama yangu lilimtuliza kuliko yote. Wahui walikuwa na desturi ya kuandika Kichina kwa herufi za Kiarabu, kwa irabu zake, wakiita xiǎo'érjīng. Kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Nilipomwonyesha ukurasa mmoja aliusoma herufi kwa herufi, sauti zikatoka, maana hakuijua. Akaniambia, "Basi hawa ni watu wa chuoni kama sisi."

*Mwalimu, nina duka la vifaa vya simu Mlandege. Baada ya wiki tatu nakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza. Nijifunze nini kwa muda huo?*
*— Mfanyabiashara, Mlandege*

Namba. Wiki ya kwanza yote iwe namba, moja mpaka elfu kumi, uzisikie na uziseme, pamoja na ishara za vidole, kwani wao huonyesha moja mpaka kumi kwa mkono mmoja na sita yao utaidhani ni ishara ya simu. Angalia neno wàn, yaani elfu kumi. Sisi tunahesabu kwa maelfu, wao wakifika elfu kumi wanaanza fungu jipya. Laki moja ni wàn kumi. Hapo ndipo sifuri hupotea na fedha nayo. Wiki ya pili: duōshao qián, ni bei gani, tài guì le, ghali mno, na mǎi na mài ambazo nimemweleza mwanafunzi wa Bububu. Wiki ya tatu jina lako, jina la hoteli yako na qīng zhēn. Ukipewa kadi ya biashara ipokee kwa mikono miwili na uisome kabla ya kuitia mfukoni.

*Mwalimu mwenzangu, nimerudi kutoka China mwaka jana na nimepewa darasa la wanafunzi arubaini. Kitabu kimefasiriwa kwa Kiingereza. Nusu ya kipindi wanauliza maana ya Kiingereza. Kwenye kipindi cha utamaduni tunakata karatasi nyekundu, tunavaa nguo za Kichina, wanapiga picha, wanaondoka. Naona kama hakuna kinachobaki. Wewe unafanyaje?*
*— Mwalimu kijana, Fuoni*

Mdogo wangu, hili ndilo linalonikosesha usingizi, ukinipa nafasi nitasema mpaka magazeti yaishe wino.

Tunamchukua kijana wa Kizanzibari, tunamtoa kwenye Kiswahili, tunampitisha Kiingereza, ndipo tunamfikisha kwenye Kichina. Njiani anaacha mizigo yake yote mizuri. Mfano ni maneno ya kuhesabia. Kichina hakisemi "karatasi tatu", kinasema sān zhāng zhǐ, na hiyo zhāng ni ya vitu vilivyo bapa. Samaki ni sān tiáo yú, tiáo ni ya virefu vyembamba, njia, mto, suruali, nyoka. Kitabu ni běn. Kitabu cha Kiingereza kinalieleza jambo hili kwa kurasa mbili kama maajabu, wanafunzi nao wanashangaa kwa adabu. Wewe simama ubaoni uandike: vitabu vitatu, miti mitatu, samaki watatu, mawe matatu. Waulize kwa nini "tatu" imebadilika mara nne. Watacheka, wataanza kubishana ngeli, halafu mmoja ataliona. Kwetu namba huvaa vazi la kitu kinachohesabiwa, kwao vazi hilo limesimama peke yake katikati. Baada ya hapo hutafundisha, utajazia tu.

Na jamaa! Kiingereza kina neno moja kwa ndugu yeyote wa kiume wa baba au mama. Sisi tuna baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Kichina: bóbo, shūshu, jiùjiu. Neno kwa neno. Shangazi ni gūgu. Hata kuuliza nani kazaliwa kwanza kabla ya kujua umwiteje, tunafanana. Mimi huwaambia wachore ukoo wao wenyewe, kila mtu na jina lake la Kichina, na zoezi hilo huchukua siku mbili kwa sababu kuna wenye baba wadogo saba.

Sasa utamaduni. Karatasi za kukata ni nzuri, sizidharau, lakini anza na mwezi. Kila mwanafunzi wako anajua kungojea mwandamo. Anajua pia kwamba tunamsifu mzuri kwa mwezi wa kumi na nne. Waambie sikukuu ya katikati ya majira ya mapukutiko, ile ya keki za mwezi, huangukia tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane wa Kichina, na kwamba Wachina husema mwezi wa kumi na tano hukamilika kumi na sita. Halafu nyamaza. Mmoja atauliza: mwezi ni mmoja, mbona sisi kumi na nne wao kumi na sita? Jibu ni kwamba wao huanza kuhesabu siku mwezi unapokutana na jua, hauonekani bado, wanaijua kwa hesabu. Sisi tunaanza baada ya kuuona, siku moja au mbili baadaye. Kisha watauliza kwa nini Mwaka Mpya wa Kichina hauzunguki misimu yote kama Ramadhani, nawe utawaeleza kuwa wao huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili au mitatu ili wasiachane na jua. Kipindi hicho hakijawahi kunitosha. Mwaka jana kengele ililia, hawakutoka.

Pili, kanga. Nyumba ya Kichina wakati wa mwaka mpya hubandikwa karatasi nyekundu pande mbili za mlango, kila upande na mstari wake, mistari miwili iliyolingana kwa idadi ya herufi. Mtoto wa Mji Mkongwe aliyekua chini ya milango iliyochongwa aya juu yake hahitaji kuelezwa kwa nini mlango huandikwa. Waambie kila mmoja aje na kanga kutoka nyumbani, asome jina la kanga yenyewe, atafute Kichina chake. "Haba na haba hujaza kibaba" waliipata haraka, jī shǎo chéng duō, kidogo kikikusanywa kinakuwa kingi. "Haraka haraka haina baraka" tuliikuta kwa Confucius, mwenye hekima wa kale wa China, yù sù zé bù dá, ukitaka upesi hufiki. Msichana mmoja alileta "Mgeni njoo mwenyeji apone", tukakaa nayo saa nzima. Namna gani mgeni amponye mwenyeji? Mwalimu wetu mgeni kutoka Zhejiang alikuwa amekaa nyuma, akaomba aelezwe, na wanafunzi waliokuwa wakiogopa kusema sentensi moja wakasimama kumweleza kwa Kichina chao kibovu, wanasaidiana, mmoja anachukua neno kwa mwenziwe. Walimweleza juu ya kuku wa mgeni, kwamba siku mgeni anapofika ndipo na watoto wa nyumba wanapopata nyama. Alielewa. Macho yalimlowa, akasema kwao kijijini ilikuwa vivyo hivyo.

Jiaozi pikeni, kwa nyama ya ng'ombe. Waambie ni nduguye sambusa, wataikunja vizuri kuliko wewe.

Na usiache kuwaambia kazi hii ni ya nini. Madaktari wa Kichina wapo hapa tangu 1964, wanatoka jimbo la Jiangsu, wanakuja kwa zamu, Mnazi Mmoja na Mkoani. Nimekaa kwenye benchi na mama mmoja wa Kengeja aliyesema "moyo unanienda joshi na mwili hauna raha". Muuguzi akalipeleka kwa Kiingereza, daktari akalipokea kwa Kiingereza chake. Joshi halikufika. Mimi nalitaka darasa ambalo ndani yake atatoka kijana wa kulifikisha.

*Mwalimu, mimi ni mzee wa Makunduchi. Udogoni nilisikia wakubwa wakisema pale Kajengwa zilifukuliwa fedha za Kichina zenye tundu. Ni kweli? Na ina maana Wachina walifika kwetu?*
*— Mzee, Makunduchi*

Shikamoo babu. Ni kweli. Zilipatikana Kajengwa mwaka 1945, zaidi ya mia moja, na nyingi ni za enzi ya Song, iliyoanza 960 ikaisha 1279. Hilo tundu la mraba katikati ni la kupitishia kamba, watu walizitunga kama samaki. Hazina sura ya mfalme. Zina herufi nne kuzunguka tundu, na mara nyingi humo hutajwa jina la kipindi cha utawala, kwa hiyo anayejua kusoma anaweza kukwambia ilitolewa miaka gani.

Juu ya Wachina kufika, hapo nitakwenda pole pole. Merikebu za Zheng He, amiri wa bahari wa China, ambaye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu ya Yunnan, zilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki miaka ya mwanzo ya 1400, na Malindi ya Kenya imetajwa katika habari zao. Sarafu za Kajengwa zimewatangulia kwa zaidi ya miaka mia. Fedha husafiri bila mwenyewe. Yawezekana zilipita mikono ya Wahindi na Waarabu, bandari kwa bandari, pamoja na sahani za kaure ambazo vigae vyake bado vinaokotwa kwenye magofu ya pwani nzima. Nani alizifukia Kajengwa na alikuwa anamkimbia nani, sarafu hazisemi.

Lakini wewe babu unayo masimulizi ya waliokuwapo zilipofukuliwa, na hayo hayamo kitabuni. Darasa langu la mwaka wa tatu wanasoma herufi za sarafu za Song mwezi ujao. Nina mwanafunzi wa Makunduchi, ana gari ya babake. Ukikubali, nitamtuma Alhamisi asubuhi aje akuchukue, na adhuhuri atakurudisha.